Sentensi 10 Zinazoipa Bidhaa Alama
Mwaka 2013 watafiti wawili wa Marekani, Philip Kortum na Aaron Bangor, walichapisha alama ambazo watu zaidi ya 1,000 walivipa vitu wanavyovitumia kila siku, wakitazama jambo moja tu: ni rahisi kiasi gani kuvitumia. Huduma ya kutafuta ya Google ilipata kama 93 kati ya 100. Maikrowevu ikapata 87, ATM 82. Excel, ambayo wahasibu hushinda nayo kutwa, iliambulia 56.5.

Kipimo chenyewe kinaitwa SUS, nacho ni dodoso linaloenea kwenye karatasi moja. Kilibuniwa mwaka 1986 na John Brooke, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Digital, mjini Reading, Uingereza. Brooke alijua kwamba mtu aliyehangaika na mfumo kwa saa nzima hana hamu ya kujibu maswali mengi. Alianza na sentensi 50, akawaita wafanyakazi 20, kuanzia makatibu muhtasi hadi waandishi wa programu, wapime mifumo miwili: mmoja mwepesi, mwingine uliokaribia kuwashinda hata mafundi. Sentensi 10 zilizowafanya watu waseme wazi, bila kusitasita katikati, ndizo zilizobaki.

Anayejaza huonyesha anavyokubaliana na kila sentensi, kuanzia 1, yaani hakubali kabisa, hadi 5, yaani anakubali kabisa. Sentensi moja husifu, inayofuata hulaumu: ningependa kuutumia mara kwa mara, una ugumu usio na sababu. Kwenye sifa, mkokotoaji hutoa 1 kwenye namba iliyochaguliwa. Kwenye lawama, huitoa namba hiyo kwenye 5. Kisha hujumlisha na kuzidisha kwa 2.5.

Jaribu mwenyewe. Aliyezungushia 5 kuanzia juu hadi chini bila kusoma atapata 50. Aliyezungushia 1 zote, 50. Aliyezungushia 3 zote, 50 vilevile. Uvivu wa mjazaji hauwezi kuipa bidhaa mbovu alama ya juu, na huo ni ubunifu unaostahili heshima.

Hata hivyo, mpangilio huo una gharama yake. Mwaka 2011 watafiti Jeff Sauro na James Lewis walipitia mafungu 27 ya majibu ya SUS wakakuta 3 yamekokotolewa vibaya na watafiti wenyewe, waliosahau kuzigeuza zile lawama.

Kosa lingine la kawaida ni kuidhania alama kuwa asilimia. Sauro alikusanya tafiti 500 za SUS, wastani ukawa 68. Kwa hiyo 60, ambayo mwanafunzi angeishangilia, hapa iko chini ya wastani. Na 70 haina maana kwamba watu 70 kati ya 100 wameridhika. Meneja anayeitangaza hivyo kwenye mkutano anawapotosha wenzake.

Kwa kampuni changa ya Nairobi au Dar es Salaam, dodoso hili lina faida kubwa: ni la bure, na ulinganisho uliofanyika mwaka 2004 ulionyesha kwamba watu 12 hadi 14 wanaweza kutosha kutoa jibu la kuaminika. Lakini alama haionyeshi penye tatizo. Ile 56.5 ya Excel haisemi kama watu wanakwama kwenye fomula au kwenye menyu, wala haisemi kama wako tayari kuiacha. Kuketi kando ya mtumiaji na kumwangalia anavyofanya bado ni kazi isiyokwepeka.

Historia ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, inalithibitisha hilo. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Thika na Nairobi, kwa wateja wasiofikia 500 waliotarajiwa kurejesha kwa simu mikopo ya taasisi ya Faulu Kenya. Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya simu ya Vodafone walipofuatilia matumizi, walikuta wateja wamejitungia yao. Wafanyabiashara walikuwa wakilipana. Wengine waliweka pesa kwenye simu jioni, benki zikiwa zimefungwa, ili zilale salama. Wasafiri waliziweka walikotoka na kuzitoa walikofika, na wapo waliowatumia pesa watu wasiokuwemo kabisa kwenye majaribio. Dodoso kuhusu urejeshaji wa mikopo lisingeuliza lolote kati ya hayo. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, wito wake kwa Wakenya ulikuwa kutuma pesa nyumbani.