Pikapu ya Zamani Haifi kwa Uzee

Wanachuo wenzangu, wengi wetu kuna kitu nyumbani kinachotulipia ada. Kwa mmoja ni shamba la kahawa, kwa mwingine ni genge la mama. Kwetu Kumsenga, kule Kibondo, ni pikapu. Ni Hilux ya dizeli, injini ya 3L, na rangi yake halisi siku hizi huwezi kuitaja kwa uhakika, vumbi jekundu limeshaamua lenyewe. Baba mdogo aliinunua kwa mtu nikiwa darasa la sita. Inabeba maharage na mihogo mikavu kwenda sokoni, inabeba mabati, inabeba jeneza, na usiku inabeba wajawazito. Kijijini pikapu siyo ya mtu mmoja.

Nikiwa mwaka wa pili, wiki tatu kabla ya UE, baba mdogo akanipigia. "Mwanangu, gari limezima mlimani. Lilikuwa linavuta vizuri tu, likakata ghafla." Fundi alipofungua akakuta mkanda wa taimingi umekatika, valvu zimepinda na pistoni zina alama za kugongwa. Ng'ombe mmoja akauzwa. Sehemu ya boom langu nayo ikaenda Kibondo, mimi nikabaki nadaiwa hosteli.

Mimi nasoma uhandisi wa mitambo. Desa za injini ninazo, na maswali ya mzunguko wa dizeli nimeyakokotoa mpaka usiku wa manane. Lakini likizo zote nilizokaa kiti cha mbele cha ile gari, sikuwahi kuuliza swali moja jepesi: mkanda huu ulibadilishwa lini? Nilipofika nyumbani nikachungulia dashibodi. Gari hizi zina taa iliyoandikwa T-BELT ambayo huwaka kilomita 100,000 zikitimia, kukukumbusha ubadilishe mkanda. Kwenye yetu sehemu ya taa ipo, balbu haipo. Mtu fulani, kabla gari halijawa letu, alichoka kuiona ikiwaka, akaitoa.

Ndiyo maana naandika. Pikapu hizi za zamani, ziwe Hilux zenye 2L, 3L au 5L, au Land Cruiser yenye 1HZ, zilitengenezwa imara kweli. Hazina kompyuta nyingi na fundi wa chini ya mwembe anaziweza. Ila zina sehemu chache dhaifu, na kwenye barabara zetu za Kibondo na Kasulu udhaifu huo unajitokeza mapema. Nitazipitia moja moja.

Mkanda wa taimingi

Injini zote nilizotaja hapo juu zinatumia mkanda wa mpira, siyo mnyororo. Kazi yake ni kuzifanya valvu zifunguke na kufunga kwa kupishana na pistoni. Ukikatika, valvu zinabaki zimesimama wazi huku pistoni bado inapanda, vinagongana. Dalili ya kabla karibu haipo. Dalili ya baada ni hii: ukipiga stata, injini inazunguka kirahisi mno, haina mgandamizo. Hapo acha, usiendelee kupiga, unaongeza hasara.

Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Na ukibadilisha, usibadilishe mkanda peke yake. Weka tenshena mpya na sili za oili za mbele, maana oili ikivuja juu ya mkanda inaulainisha na kuula kabla ya muda wake. Huo mkanda wetu ulikuwa umelowa oili.

Maji na joto

Hapa nyanda zetu zina jambo lao. Sehemu kubwa ya Kibondo na Kasulu ipo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mfuniko wake, kwa sababu unayaweka chini ya shinikizo. Mfuniko wenye springi iliyochoka au mpira uliopasuka unafanya gari lichemshe mlimani hata kama rejeta ni nzima. Na mfuniko ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo ule. Anza nao.

Pili, thamostati. Mafundi wengi wakiona gari linachemsha wanaing'oa na kuitupa. Hii siyo tiba. Bila thamostati injini inachukua muda mrefu kupata joto, inakula dizeli na inasagika ndani. Tena kwenye injini zenye njia ya mkato ya maji, thamostati ndiyo inayoifunga njia hiyo injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha zaidi. Iweke mpya.

Tatu, maji yenyewe. Maji ya mtoni yanaleta kutu na magamba kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Tumia kulanti. Ikishindikana, maji ya mvua yaliyokingwa masikani ni afadhali kuliko ya mtoni. Na usimwage kamwe maji ya baridi kwenye injini iliyochemsha. Silinda hedi za gari hizi, hasa za 2L, zinajulikana kwa kupasuka. Ukiona maji yanapungua bila kuvuja nje, au mapovu yanapanda kwenye rejeta injini ikiwa inaunguruma, hedi au gasketi yake imeshaondoka.

Dizeli ya dumu

Vijijini kwetu dizeli mara nyingi inafika kwa dumu. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubaini yaliyochakachuliwa, lakini dumu lililopita mikono mitatu halina wa kulidhamini. Maadui ni wawili, maji na mafuta ya taa. Pampu ya dizeli ya injini hizi haina oili yake, inalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani. Maji yanaleta kutu humo, na mafuta ya taa yanapunguza ule ulaini. Pampu ikifa, bei yake ni ya kukalia chini kwanza ndipo usikie.

Cha kufanya: dumu lilale usiku mzima, kisha mimina taratibu kupitia kitambaa na uyaache ya chini kabisa. Chini ya filta ya dizeli kuna kizibo cha kutolea maji, na juu yake kuna kipampu cha mkono. Kila baada ya wiki mbili legeza kizibo, pampu kidogo kwenye chupa ya uwazi, uangalie. Maji yanakaa chini, dizeli juu. Huhitaji digrii.

Vumbi

Kiangazi, kilomita chache tu nyuma ya lori zinatosha kujaza filta ya hewa. Filta iliyoziba inaleta moshi mweusi na kupunguza nguvu. Lakini kibaya zaidi ni ile inayopitisha: mpira wa boksi lake umekakamaa, au bomba la kwenda kwenye injini limechanika kwa chini usipopaona. Udongo ule ni kama msasa kwa ringi za pistoni. Pitisha kidole ndani ya bomba, baada ya filta. Kikitoka chekundu, tayari injini inakula udongo.

Kuna fundi atakuambia afungulie pampu ili gari lipate nguvu ya kupanda. Kumbuka kwamba kwenye mwinuko wetu hewa ina uzito pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar. Ukiongeza dizeli mahali ambapo hewa haitoshi, unapata moshi mwingi na joto jingi. Nguvu inayoongezeka ni ndogo, na hedi ndiyo inayolipa.

Lumbesa, springi na breki

Pikapu ya namna hii inabeba tani moja, yaani gunia 10 za kilo 100. Sasa wote tunaijua lumbesa. Gunia likishonewa kilemba juu linafika kilo 130 au zaidi, na mwenye gari bado anahesabu gunia 10. Hapo umebeba tani 1.3 bila kujua, kwenye makorongo.

Wengi wanatibu kwa kuongeza majani ya springi nyuma. Springi haivunjiki tena, lakini mzigo haujapungua, umehamia kwenye chasisi, difu na beringi za magurudumu. Halafu kuna jambo ambalo nilikuwa silijui mpaka nilipolala chini ya gari letu na tochi. Hilux nyingi zina valvu nyuma, iliyounganishwa na difu kwa fimbo, inayopima gari limelala kiasi gani. Gari likilala, valvu inaongeza breki za nyuma. Ukiongeza springi, bodi inanyanyuka, valvu inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma wakati umebeba tani nzima. Ukiongeza springi lazima fimbo hiyo irekebishwe.

Breki zina udhaifu mwingine. Kwenye Hilux hizi, pampu ya upepo inayosaidia mguu wako imefungwa nyuma ya oltaneta. Ikichoka, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na sili yake ikivuja, oili inaingia kwenye oltaneta na chaji inakufa. Kwa hiyo ukiona gari halichaji na pedali imekuwa ngumu kwa wakati mmoja, usitafute magonjwa mawili. Ni moja.

Pesa ikiwa kidogo, anza wapi?

Huu ndio utaratibu tuliokubaliana na baba mdogo, na mimi nausimamia kwa hoja kwamba kinachoweza kuua injini au mtu kinatangulia. Kwanza breki na mkanda wenye tenshena na sili. Pili mfuniko wa rejeta, thamostati, mipira ya maji na kulanti. Tatu filta ya pili ya dizeli yenye kikombe cha kutenga maji, ifungwe kabla ya ile ya kwanza. Nne kengele ya joto inayolia ndani, maana dereva akiwa anapiga stori na abiria haangalii geji, na maji yakiisha kabisa geji yenyewe inaweza kudanganya. Tano waya mpya mnene wa hasi kutoka betri hadi kwenye injini na bodi. Stata nyingi zinazosemekana zimekufa zina njaa ya umeme tu. Sita ni bomba la kupumulia la difu, lipandishwe juu. Difu la moto likiingia kwenye kijito cha baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, ujue ilikunywa.

Rimu za kung'aa, taa za rangi na spika havimo kwenye orodha. Dereva wetu alinuna.

Najua kuna atakayesema, "Ndugu, si muuze mnunue Noah?" Noah haipandi mlima wa kwetu masika ikiwa na gunia 10. Na gari jipya lingekuwa na pampu na nozeli zinazotaka dizeli safi kuliko hii ya dumu, na kompyuta ambayo fundi wa kuisoma yuko mbali. Kwa mazingira yetu ya sasa, pikapu ya zamani inayotunzwa ni uamuzi wa akili, siyo wa umaskini.

Likizo ijayo ukifika nyumbani, ukishamaliza kuwaamkia wazee, fungua boneti. Uliza mkanda ulibadilishwa lini. Washa swichi bila kupiga stata, uangalie taa zote za dashibodi zinawaka au kuna yenye kidonda kama ya kwetu. Sisi balbu tumeirudisha. Na ndani ya boneti baba mdogo ameandika kwa rangi nyeupe kilomita za siku ule mkanda mpya ulipofungwa, tarakimu kubwa, ili hata mtu akija kulinunua siku moja asiambiwe uongo.