Mlezi wa Watoto Naye Hufundishwa Kazini

Vikundi vingi vinapopanga kufungua mahali pa kulelea watoto wadogo, mazungumzo ya kwanza huwa juu ya nyumba. Mabati au makuti? Saruji mifuko mingapi? Choo kichimbwe upande gani? Mkutano ukikaribia kufungwa ndipo mama mmoja huuliza: "Na watoto watakaa na nani?" Jibu huja upesi. Kuna yule binti wa fulani, amemaliza shule mwaka jana, yuko nyumbani tu, basi naakae nao.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Binti huyo huenda akawa mlezi mzuri kabisa. Lakini hakuna aliyemwonyesha kazi, hakuna aliyeandika atapata nini, na baada ya miezi michache ataolewa au ataenda Mombasa kutafuta kazi ya nyumba. Kikundi kitatafuta mwingine, naye ataanza upya na watoto wale wale. Mtoto wa miaka miwili aliyezoea mikono ya mtu mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, mwishowe huacha kuzoea mtu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko paa kuvuja.

Tutazame ufundi mwingine wa hapa kwetu. Kijana wa Matondoni anayetaka kujua kuunda jahazi hapewi tezo siku ya kwanza. Hushika upande wa pili wa ubao, huokota vipande, hupitisha pamba ya kalafati, na wakati wote macho yake yako kwenye mikono ya fundi. Wachonga milango wa Amu nao vivyo hivyo. Mtu wa namna hii huitwa mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi akiwa ndani ya kazi, chini ya anayeijua. Hakuna mwenye chombo atakayempa mwanagenzi wa wiki mbili aunde mashua peke yake. Watoto je? Hao twawakabidhi kwa yeyote, kwa sababu twaona kulea ni jambo ambalo kila mwanamke amezaliwa nalo. Kulea mwanao mmoja ni jambo moja. Kukaa na watoto kumi wa watu, kila mmoja na tabia yake, tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Pwani jambo hili lilishafanywa

Si jambo geni. Mjini Mombasa mwaka 1986 ilianzishwa shule ya kwanza ya chekechea ya mpango uliokuja kujulikana kama Madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Aliyeuongoza mwanzoni alikuwa mwalimu wa huko huko Pwani, Bi Swafiya Said. Wazee wa Kiislamu walikuwa wameomba watoto wao wasaidiwe kuingia shule za msingi wakiwa tayari, bila kupoteza dini na desturi zao. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Vikundi vyetu vyapaswa kuangalia jinsi walimu wake walivyopatikana. Hawakuletwa kutoka mbali. Kijiji chenyewe kilichagua wanawake wake, wengi wakiwa mabinti waliomaliza shule wakakosa kazi. Walifundishwa wiki chache, wakaingia darasani, na mkufunzi akawafuata kule kule kijijini mara kwa mara kwa muda wa miaka miwili hivi. Alikaa nyuma, akatazama, kisha baada ya watoto kwenda nyumbani wakazungumza: hili limekwenda vizuri, hili tujaribu kwa njia nyingine. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya mahali: vifuu, makuti, vitambaa, kokwa. Baadaye watafiti waliwapima watoto hao Kenya, Zanzibar na Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa walipiga hatua kuliko watoto wa nasari nyingine.

Serikali nayo ilikuwa na njia yake. Kuanzia mwaka 1985 vituo vya wilaya vya elimu ya watoto wadogo, ambavyo wengi walivijua kwa jina la DICECE, viliwafundisha walimu wa nasari wakiwa bado kazini. Mwalimu alikwenda kozi wakati wa likizo, mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, akarudi kwa watoto wake muhula ulipofunguliwa. Ilichukua miaka miwili. Akina mama waliokuwa na familia waliweza kusoma bila kuacha nyumba wala mshahara, hata kama mshahara wenyewe ulikuwa wa kuokoteza.

Tukizitazama njia hizo mbili, zote zilitoa mafunzo kidogo kidogo, kazi ikawa katikati, na kukawa na mtu anayekuja kutazama. Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu visiwani. Mkufunzi akitoka Amu kwenda Pate au Siyu hupita Mkanda, na kwa miaka mingi maji yalipokupwa Mkanda haukupitika. Kwenda Kiwayu ni safari zaidi. Kikundi kinachongoja mgeni kila wiki kitangoja sana. Afadhali mtazamaji wa kila siku awe wa hapo hapo: mwalimu wa nasari aliyestaafu, au mama mzima ambaye kijiji kizima kinajua jinsi alivyo na watoto. Mtu wa kutoka ofisi ya kaunti aombwe aje mara moja kwa muhula, tena kwa barua mapema, na saa za maji ziandikwe ndani ya barua hiyo.

Anajifunza nini hasa?

Mwezi wa kwanza mwanagenzi asiachwe peke yake na watoto hata dakika kumi. Kazi yake ni kutazama na kusaidia. Atazame jinsi mlezi mkuu anavyompokea mtoto kutoka kwa mama yake asubuhi: anauliza amelala vipi, amekula nini, ana joto mwilini? Atazame mtoto anayelia kwa kuachwa. Wengine huwa twasema "mwachie, atanyamaza." Atanyamaza, ndiyo, lakini mlezi anayejua kazi humchukua, humwambia mama atarudi saa ngapi (baada ya uji, baada ya kulala), na mama humuaga mwanawe badala ya kutoroka kwa mlango wa uani. Mambo haya hayasomwi kitabuni yakaeleweka. Huonekana yakifanywa.

Halafu kuna usalama, na kila kijiji kina hatari zake. Penye jabia au kisima, mwanagenzi ajue kufunga mfuniko na kuhesabu watoto kila wanapotoka nje na kila wanaporudi. Penye punda, ajue kuwa kichochoro si uwanja wa kuchezea. Konokono wa pwani na kokwa ni vifaa vizuri kwa watoto wakubwa, lakini kitu chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni kisipewe aliye chini ya miaka mitatu. Ajue kunawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kugusa uji. Ajue maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, ikiwa pakiti ya dawa haipo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vijiko vya kupanguswa juu. Ajue pia wakati wa kuacha kutibu na kukimbilia zahanati: mtoto aliyelegea, anayetapika kila kitu, mwenye damu kwenye choo, au anayekataa kunywa.

Kuzungumza na watoto ndiko kunakosahauliwa zaidi. Mwanagenzi mwenye haya huweza kumaliza siku nzima na watoto akisema "kaa chini" na "wacha" tu. Mtoto wa miaka miwili hukua akili kwa kusemeshwa. Ataje vitu, aulize, angoje mtoto ajibu, hata jibu likiwa nusu neno. Lugha iwe ile ya nyumbani. Kama watoto ni Wabajuni wasemeshwe Kibajuni. Kiingereza kitawakuta mbele. Nyimbo na hadithi za bibi ziingie humo, na bibi mwenyewe aitwe siku moja kwa wiki. Huyo haombi mshahara, ila mpeni chai.

Kiboko hakimo. Kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 yamlinda mtoto na kila namna ya ukatili. Mwanagenzi aambiwe hivyo siku ya kwanza, mbele ya wazazi, ili mzazi asije kumwambia "huyu wangu mchape."

Makubaliano na pesa

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjika, kwa hiyo tuseme wazi. Mwanagenzi si mtumwa wa kikundi. Ikiwa kila siku anafagia, anateka maji, anafua na kupika, na hakai na watoto, basi hajifunzi ulezi. Kufagia kumo ndani ya kazi, lakini kugawanywe na mlezi mkuu pamoja na wazazi kwa zamu.

Makubaliano yaandikwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na makubaliano ya uanagenzi yamehesabiwa humo. Karatasi moja yatosha: muda wake, saa za kazi, posho na siku ya kulipwa, nani atamfundisha, na kikundi kitampa nini mwishoni. Chagueni aliyetimiza miaka 18. Wazazi wake waelezwe, na karatasi iwekwe sahihi mbele ya mzee wa mtaa.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano tu. Watoto 20 wakubwa kidogo, kila mmoja shilingi 30 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: ni shilingi 13,200. Mlezi mkuu apate 6,000, mwanagenzi 3,000, na uji, kuni, sabuni na maji 3,500. Zabaki 700. Kwenye daftari yapendeza. Lakini kusi likianza kuvuma, bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki, na wazazi kumi na wawili tu ndio wanaolipa. Zimeingia 7,920. Watoto bado wanakula, mlezi mkuu ana watoto wake. Nani anaambiwa angoje hadi mwezi ujao? Ni yule binti. Miezi miwili ya kungoja, naye haji tena. Kule bara, Mpeketoni na Hongwe, ni vivyo hivyo kabla ya mavuno.

Kwa hiyo posho ya mwanagenzi itengwe wakati wa kaskazi, samaki wakiwapo. Ikiwezekana, posho ya miezi mitatu iwekwe kando katika akiba ya kikundi, isikopeshwe mtu. Vikundi vingine vyaweza kupokea kuni, samaki au unga badala ya pesa kwa mzazi aliyekwama, mradi viandikwe. Na tusisahau kuwa Katiba imeziachia serikali za kaunti elimu ya kabla ya shule ya msingi, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Si vibaya kikundi kubisha hodi huko, na daftari lake mkononi.

Cheti nacho kisiwe kitendawili. Kufundishwa kazini hakumpi mtu ruhusa ya kufundisha darasa la PP1 au PP2. Kwa hilo atahitaji kusoma na kufanya mtihani, na ofisi ya elimu ya kaunti itamwambia alama zinazotakiwa. Kikundi kimpe barua inayosema amefanya kazi muda gani, na watoto wa umri gani, na anajua kufanya nini. Mlezi mkuu aandike kila mwezi mistari michache juu ya maendeleo yake, ili barua hiyo isiwe ya maneno matupu.

Wapo wanaonung'unika: tumemfundisha, sasa anakwenda chuoni, tumepata nini? Anapobakisha miezi mitatu, mwanagenzi wa pili na aanze. Yeye anayeondoka ndiye atakayemwonyesha jinsi ya kupokea mtoto asubuhi, nani hulala kwa kuimbiwa na nani hataki kushikwa, nani ana kifua na mama yake huuza samaki wapi. Watoto watawaona wawili hao pamoja siku nyingi kabla mmoja hajapanda mashua.