Tangazo la Biashara Litolewe Saa Ngapi?

Leo tutazungumza juu ya matangazo ya biashara katika televisheni.

Televisheni ilianza Unguja mwaka 1973. Huku bara, ITV ilianza mwaka 1994. Stesheni huuza dakika zake. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku hutazamwa na wengi, basi tangazo la wakati huo ni ghali. Lakini mwenye bidhaa hulipa kabla ya siku yenyewe. Watazamaji wa kesho watahesabiwaje? Hukisiwa. Huulizwa watu wachache, wa mjini na wa mashamba, walitazama nini jana na saa ngapi. Kisha hufikiriwa msimu, mvua, na mpira wa Simba na Yanga.

Sasa fikirini mmoja wenu ana duka Kibiti, anauza nyavu. Wanunuzi wake ni wavuvi wa delta ya Rufiji, kama wale wa Nyamisati. Hao hufuata maji, si saa ya ukutani. Na maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Juma hili saa 2 usiku wamo nyumbani. Juma lijalo wamo majini, naye muuza nyavu amekwisha kulipa.

Haya, andikeni katika madaftari: leo maji yatajaa saa ngapi kwenu? Na baada ya siku saba?