Masafa yenye mwenyewe yakikaa kimya, jirani anaweza kuyaazima?

Msikilizaji, masafa mengi ya hewani yana mwenyewe. Redio, televisheni na kampuni za simu hupewa masafa yao kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Lakini chaneli ya televisheni inayotumika Dar es Salaam kutwa nzima inaweza kuwa kimya huku Kisiba, kwa kuwa hakuna mnara wa karibu unaoirusha. Ni kama shamba lenye hati lisilolimwa.

Wataalamu wakauliza: kwa nini jirani asipande maharage humo, kwa sharti kwamba mwenye shamba akirudi anampisha mara moja? Mitambo ya namna hiyo huitwa redio tambuzi. Husikiliza kwanza, hutafuta chaneli isiyotumika, hupitishia intaneti hapo, na huhama mwenye leseni akianza kurusha.

Masafa yanayotamaniwa zaidi ni ya televisheni, kuanzia megahezi 470. Mawimbi yake hupenya migomba na miti na kufika mbali kuliko ya Wi-Fi. Mwaka 2013 Microsoft, COSTECH na UhuruOne walitangaza mradi wa kuwapelekea wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam intaneti kwa njia hiyo. Mwaka huohuo Kenya ilianza majaribio karibu na Nanyuki, katika mradi wa Mawingu, uliotumia umeme wa jua.

Shida iko kwenye kule kusikiliza. Ninyi wa Rungwe mnajua: bondeni simu haishiki mtandao, ukipanda kilimani inashika. Kifaa nacho hudanganyika hivyohivyo. Kikiwa bondeni hakisikii mnara wa televisheni ulio nyuma ya mlima, kinadhani chaneli iko wazi, kinaanza kurusha. Jirani wa kilimani mwenye antena na king'amuzi anaona picha inakatika vipande katikati ya taarifa ya habari, wala hajui amlaumu nani. (Wenye dishi hawaguswi, wala FM, ambayo iko megahezi 87.5 hadi 108.)

Ndiyo maana mwaka 2010 Marekani iliondoa sharti la kusikiliza kwa vifaa vinavyojua mahali vilipo. Badala yake huuliza daftari la kompyuta: hapa nilipo, chaneli zipi ziko wazi, nirushe kwa nguvu kiasi gani? Na kijiji kisicho na intaneti kitaulizaje? Mtambo mkuu, ambao tayari umeunganishwa, huuliza kwa niaba ya vifaa vya kijijini.

Kwa nchi ya milima kama yetu, daftari ni salama kuliko sikio. Ila linahitaji mtu wa kulitunza: mnara mpya wa televisheni ukisimikwa leo bila kuandikwa humo, kifaa kitaambiwa chaneli iko wazi, na king'amuzi cha yule jirani kitakatika tena.