Springi haifuti uzito: Somo la Datsun ya Safari kwa mwenye pikapu ya biashara

Na Mwandishi Wetu

PASAKA ya mwaka 1973, magari mawili ya Datsun yalimaliza mashindano ya East African Safari yakiwa na pointi sawa za adhabu. Moja lilikuwa 240Z, gari la michezo la milango miwili, likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na msomaji ramani wake, Lofty Drews. La pili lilikuwa gari la kawaida la familia, lililoendeshwa na Harry Källström. Waamuzi walitazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu, na ushindi ukaenda kwa Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa amehamia Kenya.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Katika miaka ile Safari ilikuwa mashindano ya zaidi ya kilomita 5,000, nyingi zikiwa za vumbi, mawe na matope ya masika, katika barabara zile zile walizopita wenye mabasi na malori.

Leo 240Z ni gari la kale linalotafutwa kwa udi na uvumba. Tangu 2003, mashindano ya East African Safari Classic Rally yameyarudisha magari ya zama hizo kwenye vumbi la Afrika Mashariki, na wapo wanaolinunua gari likiwa mkweche ili walifufue. Kazi inayowatoa jasho zaidi ni ya upande wa nyuma: springi, shokapu, bushi na mikono inayoshika magurudumu.

Mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Mutukula anaweza kuuliza gari la michezo linamhusu nini. Linamhusu, kwa sababu kosa linaloharibu nyuma ya Datsun hizi ndilo linalofanywa kila siku kwenye pikapu zinazobeba nyanya, mitumba na saruji. Tofauti ni kwamba kwenye pikapu, anayelipa ni mtu mwenye mzigo na abiria.

Nyuma ya 240Z ina nini

Gari hili lilianza kuuzwa 1969, likiwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 2.4. Lilibuniwa likilenga hasa wateja wa Marekani na barabara zao za lami.

Pikapu ya kawaida ina ekseli moja nzito inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma, ikikaa chini ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. 240Z haina ekseli ya namna hiyo. Kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake. Difu imefungwa kwenye bodi katikati, na shafti mbili fupi zenye viungo hupeleka nguvu kwenye magurudumu kushoto na kulia.

Kila upande una nguzo ya chuma iliyosimama wima. Ndani ya nguzo hiyo mna shokapu, na springi ya kujiviringisha inaizunguka kwa nje. Juu, nguzo imefungwa kwenye bodi kwa bolti. Chini, imeshikwa na mkono mpana wa chuma wenye bushi za raba, na kinachounganisha mkono na nguzo ni pini moja ndefu.

Faida yake ni kwamba jiwe likiliinua gurudumu la kushoto, la kulia linabaki limekanyaga ardhi. Hasara yake ni kwamba kila kipande kimepimwa kwa kutegemea vingine. Ukibadilisha kimoja, umevigusa vyote.

Springi hubeba, shokapu hutuliza

Kosa la kwanza la anayeanza mradi huu ni kuchanganya kazi za vitu viwili. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kukandamizwa na shimo. Gari likilala nyuma, shokapu mpya hazitaliinua. Likirukaruka kama mpira, springi ngumu hazitalituliza, bali zitazidisha tatizo.

Mwenye haraka huchukua msumeno na kuikata springi ili gari likae chini. Hesabu yake ni rahisi. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukikata 2, inabaki na 6. Ugumu wake unapanda kwa theluthi moja, na nafasi ya kushuka imepungua. Gari lililokuwa linameza shimo sasa linalipiga, na shokapu ya zamani, iliyotengenezwa kwa springi laini, inazidiwa na kuvuja mafuta.

Wengine huipasha springi kwa moto wa gesi mpaka ilegee. Hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani kwa vipimo. Ukikichoma ovyo, kitaendelea kulala au kitakatika ukiwa njiani.

Njia ya kitaalamu ya kulishusha gari hili ni ndefu zaidi. Fundi hununua springi fupi zenye ugumu uliopimwa na shokapu fupi zinazolingana nazo, kisha hukata bomba la nguzo na kulichomelea upya ili shokapu ibaki na nafasi ya kutosha ya kupanda na kushuka. Kazi hiyo inataka mchomeleaji anayeaminika, maana nguzo hiyo ndiyo inayoshika gurudumu.

Kuinua nako kuna bei yake

Kwa barabara zetu, wengi hutaka kuliinua gari badala ya kulishusha. Hapo nako kuna mipaka. 240Z ikipanda sana, shafti fupi zinazotoka kwenye difu huinama kwa pembe kali, na viungo vyake huisha mapema. Magurudumu nayo huacha kusimama wima: vichwa vyake huegemea nje na tairi hukanyaga kwa ukingo mmoja.

Gari likitoka kiwandani halina sehemu ya kurekebishia mlalo huo nyuma. Ndiyo maana wanaofanya mradi kwa umakini hununua mikono ya chini inayoweza kurefushwa au kufupishwa, au bushi maalumu zenye tundu lisilokaa katikati, kisha hulipeleka gari kwenye mashine ya alaimenti. Anayeliinua bila kufanya hivyo atakula tairi mbili kila baada ya muda mfupi na kumlaumu muuza tairi.

Bushi pia ni za kuchagua. Za plastiki ngumu hushika gurudumu vizuri kwenye lami, lakini hupitisha mtikisiko wote kwenye bodi na zinahitaji grisi. Kwa barabara ya makorongo, raba mpya ya kawaida mara nyingi humfaa mwenye gari kuliko plastiki ya bei kubwa. Raba inayoshika pua ya difu ndiyo ya kukagua mapema. Ikichanika, difu huruka kila unapokanyaga mafuta, na mlio wa "koh!" unaosikika nyuma huwafanya wengi wafungue difu nzima bure.

Pini isiyotoka

Mafundi wa Datsun hizi huikumbuka zaidi ile pini ndefu ya chini. Baada ya miaka 50 ya maji na vumbi, kutu huifunga ndani ya nguzo kama imechomelewa. Fundi asiyeijua huichukua nyundo na kuigonga kichwani. Uzi hupondeka, kichwa hutanuka, na pini haipiti tena kwenye tundu.

Utaratibu ni huu: kwanza toa bolti ndogo inayoifunga pini katikati, maana wapo wanaopigana na pini siku nzima bila kujua kuwa imefungwa. Kisha weka mafuta ya kulegeza kutu na uyaache yaingie, hata siku kadhaa. Tumia kifaa cha kuvuta badala ya kugonga. Ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno kati ya mkono na nguzo, na ufunge pini mpya. Kwa hiyo aliyeagiza bushi bila kuagiza pini ameagiza nusu ya kazi.

Hatari ya kweli iko mahali pengine. Springi ikiwa bado kwenye nguzo imebanwa na nguvu kubwa. Anayefungua nati ya juu bila kuibana springi kwa vifaa vyake anaweza kupoteza jicho au maisha. Kamba na waya havitoshi.

Sasa itazame pikapu yako

Mwenye 240Z akikosea, ameharibu gari la kutembelea. Mfanyabiashara akikosea, anateremka mlima na tani za watu wengine.

Pikapu ikianza kulala nyuma kwa mzigo, ushauri wa haraka ni kuongeza vyuma viwili vitatu kwenye springi. Gari linanyooka na mwenye mali anafurahi. Lakini springi haifuti uzito. Inauhamishia kwenye kifaa kinachofuata: ekseli, beringi, tairi, chasisi na breki, ambazo zote zimebaki zile zile.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Pikapu nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo kati ya bodi na ekseli ya nyuma. Bodi ikishuka kwa uzito, vali huelewa kuwa gari limebeba na huruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukiongeza springi, bodi inabaki juu hata gari likiwa limejaa. Vali inaamini gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Breki za mbele ndizo zinazoachiwa kazi, zinapata moto, na kwenye mteremko mrefu hilo linaweza kuwa jambo la mwisho dereva kulijua.

Hatari haiishi baada ya kushusha mzigo. Gari tupu lenye springi ngumu huruka kwenye barabara ya makorongo, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala kona.

Kwa wenye malori, sheria imeshaliona hilo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na pia ina kikomo cha kila ekseli. Mizani haiangalii kama gari limenyooka. Inapima uzito unaofika chini, na springi nene haipunguzi hata kilo moja.

Kama springi zako zimechoka, badilisha kwa zenye kipimo kile kile cha kiwandani. Kama mzigo umeongezeka kuliko uwezo wa gari, dawa ni safari mbili au gari kubwa zaidi. Na kama tayari umeongeza vyuma, mwambie fundi akague vali hiyo ya breki leo, kabla ya kupakia tena.

Kwa wanaouza vipuri

Wanaopeleka vipuri kati ya Grogan ya Nairobi, Kisekka ya Kampala na Gerezani ya Dar es Salaam nao wana la kuchukua hapa.

Kwanza, jina la gari halitoshi. 240Z, 260Z na 280Z zinafanana kwa macho, lakini shokapu za 240Z si za 280Z. Mwombe mteja mwaka wa gari na kipimo cha kipuri cha zamani kabla hujalipia.

Pili, uza kwa seti. Springi za nyuma hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, na shokapu vivyo hivyo. Raba iliyokaa ghalani miaka mingi hukauka hata kama haijatumika. Ikunje, na ukiona nyufa iache.

Tatu, jua asili ya bidhaa yako. Springi iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu umeinunua Nairobi. Inatakiwa iwe imelipiwa ushuru ilipoingia, na nyaraka zake utembee nazo. Springi iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, na viwanda vyake vipo, inaweza kuvuka bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili. Kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha ya mpaka husika na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, Cheti Kilichorahisishwa cha Uasili hutolewa hapo hapo mpakani. Kodi nyingine za ndani hubaki, hivyo zipigie hesabu kabla ya kupanga bei.

Mehta alishinda Safari mara tano, mara ya kwanza akiwa na 240Z na nyingine nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Katika mashindano yale, gari la kasi lililovunjika njiani halikuhesabiwa popote. Wewe pia, mzigo wako unahesabiwa ukifika sokoni.