Nyumba za Vioo na Jua la Kampala

Siku hizi mtu akipanda kilima cha Kololo na kutazama upande wa mjini, ataona nyumba nyingi zenye kuta za vioo vitupu, zikimetameta kama maji ya ziwa. Ni nzuri kwa macho. Lakini ingia ndani alasiri, umeme umekatika na mashine za kupozea hewa zimenyamaza, utatoka upesi kuliko ulivyoingia.

Sababu yake ni hii. Kioo hupitisha mwanga wa jua bila taabu. Mwanga ukigonga sakafu na viti hugeuka kuwa joto, na joto hilo haliwezi kurudi nje kwa wepisi ule ule. Kama madirisha hayafunguki, joto huzidi kulundikana. Hata huko Marekani, nyumba ya vioo iliyochorwa na Mies van der Rohe karibu na mji wa Plano, Illinois, iliyomalizika mwaka 1951, ilisifiwa ulimwenguni kote, lakini wakati wa joto mwenyewe aliona taabu kukaa ndani yake.

Je, tukiache kioo kabisa? La, hasha. Tuulize kwanza kioo kimeelekea wapi. Kampala iko karibu sana na Ikweta, na adhuhuri jua haliendi mbali na utosi, mwezi wo wote. Kwa hiyo dirisha lenye kimo cha mita 2, likielekea kaskazini au kusini, laweza kukingwa lote wakati huo kwa upenu wa sentimita 90 tu. Magharibi mambo ni mengine. Saa moja kabla ya kuchwa, jua huwa chini mno, na dirisha lile lile lingetaka upenu wa mita 7 na zaidi. Nani atakayejenga baraza kubwa kuliko sebule yake? Basi mjenzi mwenye akili huweka vioo kaskazini na kusini, na upande wa mashariki na magharibi hujenga matofali mazito, akaweka huko ghala, bafu na ngazi.

Watu wengi hutegemea mapazia. Pazia la ndani ni sawa na kufunga mlango mwizi akiwa amekwisha kuingia. Jua limekwisha kupita kiooni. Kinga hufaa iwe nje. Jumba la Michezo la Taifa, lililofunguliwa mjini mwetu mwaka 1959, lina kiwambo cha saruji chenye matundu mengi mbele yake: upepo wapita, jua kali lazuiwa.

Tena kuna yale matundu madogo juu ya madirisha katika nyumba nyingi za Kampala. Vijana huyaona ya kishamba. Kumbe hewa ya moto hupanda, ikatokea hapo usiku kucha pasipo gharama ya hata shilingi moja.

Kabale, penye baridi ya usiku, shauri hubadilika kidogo: huko kioo cha mashariki ni rafiki asubuhi.

Na aliyekwisha kujenga vioo vyake magharibi? Na apande mwembe hatua chache kutoka ukutani. Mpaka utakapokua, anunue mikeka ya mafunjo na kuitundika nje ya kioo, aikunjue saa tisa mchana, aikunje jua likichwa.