Kumtafutia Shule Mtoto Mwenye ADHD Familia Inapohamia Ipogolo

Utangulizi

Ipogolo ni eneo la Manispaa ya Iringa lililo bondeni, chini ya mji, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma. Watumishi waliohamishwa, madereva na wafanyabiashara huhamia huko na watoto wao. Kwa mtoto mwenye ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliokithiri au pupa, kuhama humwondolea kwa siku moja nguzo zilizokuwa zikimshikilia: ratiba aliyoizoea, mwalimu anayemfahamu na rafiki anayemkumbusha. Asipopokewa vema, wiki chache zatosha kumpachika jina la mtundu au mzembe, na jina hilo ni gumu kulivua. Makala haya yanaeleza namna mzazi na mtoa huduma za afya wanavyoweza kumtafutia shule itakayomfaa. Hoja yake kuu ni kwamba kinachotafutwa ni darasa na mwalimu, wala si jina la shule.

Hali yenyewe

ADHD hutokana na tofauti katika ukuaji wa ubongo, na urithi una nafasi kubwa. Duniani huwapata takribani watoto watano katika kila mia moja. Haisababishwi na malezi mabaya wala kurogwa. Ili itambuliwe, dalili ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zimedumu miezi sita au zaidi, na zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni.

Masharti hayo yana uzito wa pekee kwa aliyehama, kwa kuwa mtoto yeyote aweza kuhangaika katika miezi ya kwanza ya ugeni. Iwapo matatizo yameanza baada ya kuhama, mtoa huduma achunguze kwanza usikivu, uoni, usingizi, kifafa na huzuni. Kwa upande mwingine, mtoto aliyekwisha kutambuliwa asirudishwe mwanzo. Aendelezwe kutoka alipofikia.

Kabla ya kuondoka

Mzazi aondoke na nyaraka tatu: barua ya kitabibu yenye utambuzi, dawa na dozi, maelezo mafupi ya mwalimu kuhusu yanayomsaidia mtoto na yanayomvuruga, na kumbukumbu za shule pamoja na namba yake ya PREM. Maelezo ya mwalimu mara nyingi husahauliwa, ilhali ndiyo yatakayomfaa zaidi mwalimu mpya.

Ikiwezekana, uhamisho ufanyike wakati wa likizo. Kwa mwanafunzi wa darasa la nne au la saba, mzazi aulize mapema juu ya usajili wa upimaji na mtihani wa kitaifa.

Anayetumia methilifenideti apangiwe mapema mahali pa kuendelea kuipata, kwani dawa hii iko chini ya udhibiti wa kimataifa na haipatikani katika kila duka la dawa.

Kuichagua shule

Jambo la kwanza ni njia. Mtoto mwenye pupa huvuka barabara kabla ya kutazama, na barabara ya Ipogolo hupitisha malori na mabasi usiku na mchana. Shule iliyo upande uleule wa barabara na nyumba yaweza kuwa bora kuliko yenye sifa iliyo ng'ambo. Ikiwa hapana budi kuvuka, mtu mzima amsindikize, hata kama wenzake wa rika lake huenda peke yao. Tahadhari hiyo ihusu pia njia zinazopita karibu na Mto Ruaha Mdogo.

Pili ni darasa. Kiwango cha kitaifa kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini madarasa mengi huzidi hapo. Mzazi aombe kuliona darasa lenyewe, azungumze na mwalimu wa darasa na si mwalimu mkuu pekee, na amuulize: "Mtoto asiyetulia, huwa unamsaidiaje?" Jibu lenye mifano lina thamani kuliko ahadi.

Tatu ni nidhamu. Kanuni za nchi huruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Hata hivyo, kiboko hakifundishi ubongo kutulia. Humfundisha mtoto kuiogopa shule. Mzazi alizungumze jambo hili waziwazi kabla ya kuandikisha.

Nne ni lugha. Shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zinaweza kuwa na madarasa madogo, lakini mtoto aliyesoma kwa Kiswahili atabebeshwa mzigo wa pili juu ya ule wa kuhama, na kutoelewa lugha hufanana sana na kutosikiliza.

Mtoto mwenye akili ya kawaida hahitaji kupelekwa kitengo cha elimu maalumu kwa sababu ya ADHD pekee. Mahali pake ni darasa la kawaida lenye msaada, kama elimu jumuishi inavyotaka. Bweni nalo lisiwe kimbilio la mzazi aliyechoka.

Baada ya kupokelewa

Mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango. Atoe agizo moja kwa wakati. Agawe kazi ndefu katika vipande. Ampe sababu halali ya kunyanyuka, kama kugawa madaftari. Na amsifu papo hapo anapofanya vema. Daftari dogo la kila siku kati ya nyumbani na shule halina gharama kubwa, nalo huzuia malalamiko kurundikana.

Mtoa huduma amwone mtoto baada ya wiki nne hadi sita, akiwa na maelezo ya mwalimu mkononi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa hutanguliza mafunzo kwa wazazi na mbinu za kurekebisha tabia. Dawa huamuliwa kwa ushauri wa bingwa, kwa mtoto wa miaka sita na kuendelea. Panapohitajika rufaa, njia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, na kwa ngazi ya juu zaidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Hitimisho

Shule isiyo na mtaalamu hata mmoja yaweza kumfaa mtoto huyu, mradi njia yake ni salama, mwalimu wake yu tayari kujifunza, na mzazi anafika shuleni kabla ya kuitwa.